Simu ya Mwayuma na Ufunguo wa Kasongo

Juzi, pale ofisini Kasongo, mmoja wenu aliniuliza swali huku anatafuna muhogo wa kuchoma. "Mama Amina, juu ya nini hii sistemi inatusumbua hivi? Nimeingia asubuhi, nimeacha simu kidogo tu, inataka tena inijue. Miye si njo yule yule?"

Wenzake walicheka, nami nikacheka. Nilikuwa nimepita kuwasalimu tu, mambo ya wastaafu. Nilimjibu kwa maneno machache nikaenda zangu, lakini njiani niliona nimemdhulumu kijana wa watu. Swali lile lilistahili kiti na chai. Basi nalijibu sasa, kwake na kwenu wote mliorithi kazi ile.

Nianze na jetoni yenyewe, maana wengine mnalitamka neno hilo kama jina la ugonjwa. Mmekwenda lopitali, sivyo? Kwenye dirisha la kwanza wanakuuliza jina, umri, kijiji, na kinachokuuma. Ukimaliza unapewa kijipande chenye namba. Ukifika maabara husimulii tena maisha yako, unaonyesha jetoni. Kwenye dawa, vilevile. Ndivyo na sisi. Unaipa seva yetu neno la siri mara moja, nayo inakupa jetoni: mstari mrefu wa herufi, na mwishoni muhuri uliopigwa kwa ufunguo ambao seva peke yake inao. Kila ukitaka kufungua kitu, simu yako inaonyesha jetoni. Seva inatazama muhuri, inatazama kama muda haujapita, inafungua. Haikuulizi tena wewe ni nani.

Kuandika hayo si kazi ngumu. Enjenia Salumu aliyeandika nami aliyamaliza huku anasikiliza mpira redioni. Ugumu uko kwenye maswali mawili: jetoni iishi muda gani, na ikiangukia mikono mibaya, nani anaweza kuiua?

Mimi sikuanzia kwenye kompyuta. Nilianzia kwenye fonie, ile redio ya kupiga sauti kutoka kituo hadi kituo, siku ambazo simu ya mkononi tuliisikia kwa wasafiri. Aliyenifundisha ni Papa Alimasi, mtu mwembamba, mpole, aliyevaa kofia yake ya kufuma hata kwenye joto la kukaanga mayai. Siku moja tuliitwa kutoka upande wa Salamabila. Sauti ilikuwa ya shefu wetu kabisa, mkuu wa ofisi, na kikohozi chake ndani. Ilitaka gari lije limchukue kwenye njia panda fulani. Mimi tayari nilikuwa nimesimama kwenda kumwita dereva.

Papa Alimasi akanishika kwa macho tu. Akabonyeza kitufe. "Nimekupata vizuri, shefu. Nipe neno la leo."

"Alimasi, unanijua. Neno nimesahau."

"Aksanti, shefu. Na miye nimesahau gari."

Akazima. Mimi nilijua kesho hatuna kazi. Shefu wa kweli aliingia ofisini baada ya chakula cha mchana, akiwa ametoka msikitini hapa hapa mjini, hajui lolote. Papa Alimasi hakujisifu. Aliniambia tu, "Amina, ile sauti niliijua. Lakini kujua sauti haikuwa kazi yangu." Na neno la siku lilibadilika kila asubuhi, hata siku ambazo hakuna aliyepiga.

Miaka ilipita, fonie ikawekwa stoo, shirika likanipeleka kujifunza kompyuta, nikawa msimamizi wa seva. Kazi yetu mnaijua: watoto waliopotezana na wazazi wao watu walipokimbia vita katika vijiji vya Kabambare. Mtoto anapokelewa na familia fulani, maajenti wetu wanatafuta wazazi, wanawauliza maswali, na majibu yao yanalinganishwa na yale ambayo mtoto alimwambia ajenti mwingine faraghani. Yakilingana, seva inatoa ruhusa, mtoto anarudi nyumbani. Mtu akifungua sistemi yetu, anaona mtoto gani analala kwa nani. Shikeni hilo kichwani, mengine yote yanatoka hapo.

Mwanzoni maajenti waliingia kwa neno la siri peke yake. Loo! Nusu yao waliweka "Kasongo". Mmoja, mtu wa kanisa, aliweka "Yesu", na nilipomwomba aongeze urefu akaweka "YesuYesu". Mwingine aliliandika kwa kalamu nene mgongoni mwa simu, eti asisahau, na chini yake akaandika "siri". Kwa hiyo Salumu akaongeza hatua: baada ya neno la siri, seva inakutumia namba kwa ujumbe wa simu, unaiandika, ndipo unapewa jetoni.

Hapo maajenti wakalia. Mwayuma, aliyefanya kazi Kabambare kwao, alikuja hadi Kasongo kunieleza ana kwa ana. Mwayuma ni Mubangubangu, kabila la kule kule, mrefu, anaongea akiwa amesimama, na pikipiki anaiendesha mwenyewe. "Mama, rezo iko juu ya kilima tu," akasema, yaani mtandao wa simu. "Ninapanda, ninaandika neno, ninangoja ile namba. Namba inafika miye nimekwisha shuka. Ninapanda tena, inaniambia namba imezeeka. Watoto wananiona napanda na kushuka, wanasema mama yule anatubu zambi gani?"

Tulikaa, Salumu na mimi, tukabishana kwa heshima. Salumu ni mtu wa Kindu, amesoma, na anasikiliza. Alitaka jetoni iishi robo saa. Mimi nilimwonyesha Mwayuma na kilima chake. Tukakubaliana iishi juma zima, ili ajenti aingie mara moja akiwa mjini, kisha huko porini simu ifunguke papo hapo rezo inapogusa. Salumu alikubali, lakini alisema jambo ambalo sikulisahau. "Mama, tujue tunachofanya. Seva inatazama muhuri tu, haina orodha ya jetoni ilizotoa. Jetoni ikishatoka, hatuwezi kuiita irudi." Tukasema tutaandika njia ya kuiita irudi mwezi utakaofuata. Mwezi uliofuata ukaja na mambo yake, na uliofuata pia.

Jambo dogo la kuwachekesha kabla sijaendelea. Ajenti mmoja wa Salamabila alilalamika kwamba kila jetoni tunayompa inakataliwa papo hapo. Tulikagua kila kitu. Mwishowe Salumu akamwomba asome tarehe kwenye simu yake. Betri ilikuwa imekufa, simu ikaamka ikidhani ni miaka mingi nyuma, na programu iliyokuwa simuni ikaona jetoni yetu imetoka siku ambayo haijafika. "Basi miye niko kijana tena!" akasema yule ajenti, mwenye wajukuu. Tangu siku ile saa ya simu hatuiulizi chochote. Saa ni ya seva, na tunaacha dakika chache za kuvumiliana. Nanyi fanyeni hivyo.

Sasa simu ya Mwayuma.

Ilikuwa asubuhi ya kazi kama nyingine. Simu yangu ikalia, namba nisiyoijua, sauti ya Mwayuma. Alikuwa kwa mchuuzi mmoja kwenye njia ya Salamabila.

"Mama, wamenikamata njiani. Watu wa bunduki. Wamechukua moto, pikipiki yangu, wamechukua telefone."

"Weye uko muzima?"

"Niko muzima. Wamenipiga mukono, si kitu. Mama, telefone ilikuwa wazi. Nilikuwa juu ya sistemi walipotokea. Mmoja alinishika mukono akaniuliza, neno la kufungua simu ni gani. Bunduki ilikuwa hapa. Nilimwambia."

"Ulifanya vizuri," nikamwambia.

"Sikufanya vizuri. Ule mutoto."

Nilimjua ni nani. Kati ya watoto wa Mwayuma kulikuwa na msichana mmoja aliyetoroka kwa mtu mmoja wa machimbo ya dhahabu, mtu aliyekuwa amemweka kwake kwa nguvu. Mtu yule alikuwa anamtafuta, na alikuwa na marafiki wenye bunduki. Jina la msichana sitalisema, hata leo, hata kwenu. Tulimficha kwa mjane mmoja, kijiji ambacho hakuna mtu angefikiria. Na sasa jina la kijiji lile lilikuwa nyuma ya jetoni iliyo hai, kwenye simu iliyo wazi, mikononi mwa watu nisiowajua.

"Mwayuma, usingoje mashini," nikasema. "Tafuta motari, mtu wa pikipiki unayemwamini, uende umutoe pale."

"Njo nilikuwa nakwenda. Nilipita kukuambia tu." Akakata.

Salumu alikuwa amesikia upande wangu wa maongezi, na uso wake ulikuwa umeshapauka. Nikamuuliza kama tunaweza kuifunga jetoni ile moja.

"Tunaweza kuandika kizuizi cha jetoni moja," akasema. "Lakini kukiandika na kukijaribu vizuri ni hadi mchana, labda jioni. Kuna njia nyingine. Tubadilishe ufunguo wa muhuri sasa hivi. Jetoni zote zilizopigwa muhuri wa zamani zitakufa."

"Zote?"

"Zote, mama. Maajenti wote watatupwa nje kwa mara moja. Aliye mjini ataingia tena. Aliye porini..."

Mimi nilijua nani yuko porini. Assani, ajenti wetu wa Nyangwe, siku hiyo hiyo alikuwa na mama mmoja aliyesafiri kwa mtumbwi juu ya mto Lualaba, na kwa miguu kabla ya hapo, kuja kumwona mtoto ambaye huenda alikuwa wake. Mtoto alikuwa pale, kwenye nyumba ya familia iliyompokea. Assani alihitaji kufungua maswali, kuandika majibu ya mama, kupata ruhusa. Nikibadilisha ufunguo, simu yake itakuwa jiwe mpaka ujumbe wenye namba umfikie, na Nyangwe siku hizo ujumbe ulifika ukijisikia.

Nilimpigia mara ile ile. Kwa bahati ililia.

"Assani, ninafunga sistemi. Utatupwa nje."

"Mama, apana! Huyu mama iko mbele yangu. Ameshamwona mutoto kupitia mlango. Analia. Mutoto naye anamwangalia."

"Nimesikia. Usimtoe mutoto mpaka uingie tena na seva ikupe ruhusa. Umenisikia? Hata wote wakulilie."

"Sasa nitamwambia nini?"

Rezo ikakata hapo. Nilipiga tena, na tena, hakuna kitu. Nilikaa na simu mkononi. Salumu aliniangalia. Shefu alikuwa safarini, na hata angekuwapo angeniambia seva ni yako. Nilifikiri juu ya yule mama, nikafikiri juu ya yule msichana, nikaona kwamba mmoja nitamuumiza kwa hakika na mwingine huenda, na kwamba maumivu hayo mawili hayapimwi kwenye mizani moja. "Badilisha," nikasema.

Salumu akaandika mstari mmoja, akabonyeza. Kwenye ukurasa unaoonyesha nani yuko ndani, majina yote yakazimika. Yalikuwa mazuri kuyatazama, majina yale, na kuzimika kwake kulikuwa kimya kabisa.

Kisha tukakaa kutazama nani anabisha. Maajenti wa mjini waliingia tena mmoja mmoja, na kila mmoja alipiga simu kutugombeza. Jua lilipoanza kuinama, ikabisha simu ya Mwayuma. Seva ikakataa. Ikabisha tena, ikakataliwa, ikabisha mara nyingi, mtu ana haraka. Salumu alikuwa ameweka mikono kichwani. Mpaka leo sijui aliyekuwa anabonyeza ni mtu wa machimbo au mwizi tu anayetafuta muziki. Watu wa kazi yetu huwa hawaambiwi. Unaona mlango unatikisika, unaona haukufunguka, basi.

Kabla ya giza Mwayuma alipiga kwa simu ya motari. "Niko naye," akasema. "Analala juu ya bega yangu." Msichana yule alihamishwa mbali. Ni mzima. Zaidi ya hapo msiniulize.

Nyangwe ndiko kulikokuwa na moto. Assani alinisimulia baadaye, na hata akisimulia alikuwa anafuta jasho. Yule mama alimwambia, "Mutoto wangu ninamwona pale, weye unaniambia mashini imelala? Mashini ilimzaa?" Majirani wakakusanyika. Wavuvi wakaacha nyavu wakaja kumshauri Assani amwache mama achukue mtoto wake. Baba wa ile familia naye akasema, jamani, hata pua ni moja. Assani alikaa mlangoni mwa nyumba, akakataa. Alimwomba mama asamehe, akamletea mkeka na chakula, mama akakisukuma. Usiku ule mama alilala kwa jirani, mbali kidogo tu na mtoto aliyemtafuta miaka.

Asubuhi ujumbe ukaja. Assani akaingia, maswali yakafunguka. Alimuuliza mama jina ambalo mtoto aliitwa nyumbani tu. Alimuuliza nini kilimuunguza mtoto alipokuwa mdogo, na wapi. Mama alijibu bila kufikiri, akiwa amefumba macho. Yote yalilingana. Ruhusa ikatoka. Assani akasogea tu kutoka mlangoni.

Mimi nilikutana na yule mama miezi mingi baadaye, sokoni Kasongo, alikuwa anauza samaki wa kukaushwa. Mtu alimwonyesha mimi ni nani. Aliniita.

"Ni weye ulinifungia?"

"Ni miye, mama."

Alinitazama sana. Sikujitetea. Kisha akauliza, "Kama mwanamuke mwingine angekuja mbele yangu, miye sijafika bado, na machozi kama yangu, angefungiwa pia?"

"Angefungiwa."

"Na asubuhi, hayo maswali?"

"Angeshindwa."

Aligeuza samaki zake mara mbili tatu, kama anatafuta aliyeharibika. "Nilikulaani usiku ule," akasema. "Nilikulaani na watoto wako." Kisha akanyanyua uso. "Nitaiondoa."

Nilimshukuru, nikaenda nyuma ya maduka ya vitambaa nikalia kidogo.

Baada ya siku ile tulijenga upya, Salumu na mimi, na safari hii hatukusema mwezi ujao. Ndicho mnachokitumia. Sasa jetoni ni mbili. Ya kwanza ndiyo inayofungua milango, inaishi robo saa tu, ikiibiwa inakufa haraka. Ya pili inaishi siku nyingi, lakini haifungui habari za mtoto yeyote; kazi yake ni kuomba jetoni mpya ya kwanza, na simu inaomba yenyewe rezo ikigusa, bila Mwayuma kupanda na kushuka kungoja namba. Hiyo ya pili seva inaikumbuka. Kila simu ina ya kwake, kwa hiyo naweza kuiua ya simu moja na wengine wasijue hata kama kuna kilichotokea. Kila ikitumika inabadilishwa. Na ile iliyokwisha kutumika ikionekana tena, seva inajua kuna wawili wanaoshika kitu kimoja, inafunga simu ile yote, inaita ofisini.

Na ukiiacha simu kidogo, programu inataka namba yako ya siri kabla ya kuomba jetoni nyingine. Kijana wa muhogo, ndiyo hiyo inayokusumbua. Wewe ni yule yule. Lakini simu yako inaweza kuwa mkononi mwa mtu mwingine, na seva haina macho.

Msiweke jetoni mahali programu nyingine zinaweza kuisoma. Msiandike ndani yake jina la mtoto wala kijiji. Muhuri unazuia kubadilisha maneno, hauzuii kuyasoma. Ufunguo wa muhuri usikae pamoja na programu, na jizoezeni kuubadilisha siku ya amani, ili siku ya hofu mkono usitetemeke. Na kabla ya kuchagua chochote, mpeleke mmoja wenu akapande kilima cha Kabambare na simu mkononi. Ofisini rezo huwa nzuri daima.

Mwayuma alirudi kazini mkono ulipopona. Tulipompa simu mpya hakuigusa kwanza. Alisema, "Iueni niione." Salumu akaiua mbele yake. Akajaribu kuingia, ikamkataa. Akatazama simu ya Assani pembeni, ilikuwa ndani bado. Ndipo akaingia upya, akaiweka mfukoni. Hadi leo kila ajenti mpya namwonyesha vile, au niseme, nilikuwa namwonyesha.

Siku yangu ya mwisho mlinifanyia sherehe, soda na wali na samaki wa Lualaba, shefu akasema maneno mazuri. Wengi wenu mlidhani baada ya hapo nilikwenda nyumbani. Sikwenda. Nilimwita Salumu kwenye chumba cha seva, nikamwambia, "Sasa niue." Alisema kesho, mama, hakuna haraka. Nikamkumbusha kuwa mtu aliyeondoka kazini na bado anaweza kuingia ni mlango ambao hakuna anayeutazama, hata akiwa mtu mwema. Nilikuwa na ruhusa kuliko mtu yeyote pale. Watoto wote wa sehemu hii, niliweza kuwaona wote.

Aliandika jina langu. Akabonyeza.

Nikachukua simu yangu, nikajaribu kuingia. Kwa Kiswahili nilichokiandika mwenyewe, siku moja nikiwa na njaa na haraka, ikaniambia: *Hatukujui. Tafadhali ongea na msimamizi.*

Nikamuuliza Salumu, "Msimamizi ni nani?"

"Ni miye, mama," akasema.

Nikasoma maneno yale mara nyingine, nikaona yameandikwa vizuri. Kisha nikachukua mkoba wangu, nikatoka.